NYUNGU NA MTOTO MDOGO (Sehemu ya 4)

Leo tuongelee nyungu, maana maswali ni mengi.

Tarehe 16 Machi 2020 tulitangaziwa mgonjwa wa kwanza wa corona nchini. Haikuchukua muda Kariakoo ikabadilika. Ndimu na tangawizi zikapanda bei, majani ya mwarobaini na mkaratusi yakauzwa kwa mafungu, nyumba kwa nyumba watu wakajifukiza. Simcheki mtu. Tuliogopa wote, na mwenye hofu hushika kilicho karibu. Mei 2023 Shirika la Afya Duniani likatangaza kuwa dharura imekwisha, ila nyungu haikuisha. Sasa hivi mtoto akikohoa kidogo tu, anafunikwa blanketi.

Wengi wanaamini mvuke unaunguza kirusi. Hapana mama. Kirusi kinajificha ndani ya seli za pua, koo na mapafu. Mvuke wenye moto wa kukiua huko utaanza kumuunguza mwanao. Unachopata ni pua kuzibuka kwa muda tu.

"Mbona mimi nilijifukiza nikapona?" Wengi waliougua corona walipona, waliojifukiza na wasiojifukiza. Mwili ulipigana, nyungu ikapewa sifa.

Sasa kwa mtoto, hatari ni kubwa. Vyumba vyetu tunavijua: kitanda, kabati, sufuria chini sakafuni. Mtoto wa miaka 2 ukimweka gizani kwenye joto hatulii. Anarusha mguu, sufuria inapinduka. Nimeshamsafisha mtoto kidonda cha namna hiyo, kuanzia pajani hadi kwenye unyayo. Mafua yenyewe yaliisha ndani ya wiki. Kidonda kilichukua miezi. Na mama yake anampenda kama wewe unavyompenda wako.

Basi fanya hivi:

Pua ikiziba, nunua duka la dawa matone ya maji ya chumvi ya puani, mtie kabla hajanyonya. Endelea kumnyonyesha. Aliyevuka mwaka mmoja mpe chai ya tangawizi vuguvugu na asali kidogo. Chini ya mwaka, asali USIMPE kabisa.

Akiwa ametulia, hesabu anavyopumua kwa dakika nzima. Miezi 2 hadi 12, akifika 50 ni hatari. Mwaka 1 hadi 5, akifika 40 ni hatari. Mbavu zikibonyea ndani, akishindwa kunyonya au kunywa, akipata degedege, nenda kituo cha afya usiku huo huo, usingoje asubuhi. Wa chini ya miezi 2 akibadilika pumzi, mpeleke tu.

Akiungua, mmwagie maji ya kawaida ya bomba kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, yai wala mafuta. Funika kwa kitambaa safi, nenda hospitali.

Na bibi akisisitiza je? Usigombane naye. Mwambie, "Shikamoo mama, asante kwa kutuhangaikia. Nesi kasema mtoto asifukizwe, ila anahitaji mtu wa kumhesabia pumzi. Naomba unisaidie." Bibi ana uvumilivu kuliko sisi sote, hiyo kazi ataiweza.

Sehemu ya 5 tutaongelea degedege. Mtumie na dada wa kazi asome, maana mchana ndiye anayebaki na mtoto.