Kutoka Mnara wa Saa hadi Boma

Je, umewahi kusimama karibu na Mnara wa Saa pale Arusha ukatazama kaskazini? Ukiwahi asubuhi, kabla mawingu hayajaufunika, utauona Mlima Meru, wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500, umesimama nyuma ya mji. Barabara ya Boma inapanda kuelekea huko, na mwisho wake ndipo lilipo Boma, ngome ya Wajerumani. Wengi wetu huipita barabara hii tukikimbilia posta, bila kujiuliza kwa nini ngome iliwekwa pale juu.

Wachina na mstari wa katikati

Wachina wa kale walilifanya jambo hili kuwa elimu. Mji wa Beijing una mstari mmoja wa katikati wenye urefu wa kilomita 7.8, kutoka lango la kusini la Yongdingmen hadi minara ya Ngoma na Kengele upande wa kaskazini. Juu ya mstari huo lipo kasri la wafalme, lililojengwa kati ya mwaka 1406 na 1420. Mfalme aliketi akitazama kusini, na nyuma ya kasri kikainuliwa kilima cha Jingshan kwa udongo wa handaki la maji. Mgeni alivuka lango baada ya lango, na kila hatua ilimkumbusha anamwendea nani.

Hata nyumba za familia zilifuata mpango huo. Wazee walikaa chumba cha kaskazini, mlango ukitazama kusini penye jua, na watoto wao wakakaa pembeni. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza mstari wa Beijing katika Urithi wa Dunia.

Mstari wa hofu

Wajerumani hawakuwaiga Wachina, lakini walijua kwamba anayekaa mwisho wa barabara huonekana mkubwa. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri, Ovir na Segebrock, waliuawa Akeri, Meru, pamoja na wasaidizi wao Wachaga. Jeshi la Wajerumani likalipiza kisasi kwa kuua watu, kuchoma nyumba na kuteka mifugo. Kisha, mwaka 1899 na 1900, Waarusha na Wameru wakalazimishwa kulijenga Boma. Aliyeitwa huko alipanda akiwa na hofu.

Nani yuko mwishoni?

Katika kazi yetu ya uuguzi, mgonjwa anayeingia akaiona korido moja iliyonyooka, na meza ya muuguzi mwishoni, hutulia haraka kuliko yule anayezungushwa huku na huku. Kwa hiyo kunyooka kwenyewe si kubaya. La muhimu ni nani amekaa mwishoni, na anampokeaje anayekuja.

Tangu mwaka 1987 Boma ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, na watoto wa shule huingia humo na madaftari yao. Nao Mnara wa Mwenge, ukumbusho wa Azimio la Arusha la mwaka 1967, uliwekwa kwenye kipilefti, mahali ambapo magari na waenda sokoni huuzunguka kila siku.

Mama, siku ukienda mjini na watoto, wapandishe barabara hiyo polepole. Waonyeshe mlima, waonyeshe kuta, na uwaambie ni mikono ya nani iliyozijenga.