Na Lile Gurudumu Lako?

Stima ilipotea Jumapili jioni, siku moja kabla shule zifunguliwe. Mum alikuwa amebakisha sare 11. Cherehani ya stima ikanyamaza, akanigeukia kwenye giza.

"Na lile gurudumu lako?"

Ana haki ya kuuliza. Pesa za gurudumu zilikuwa zake. Mradi wangu wa mwaka wa nne ni flaiwili ya lori niliyotoa kwa watu wa vyuma Gikomba: kilo 20, upana sentimita 40. Stima ikiwepo, mota inaizungusha. Ikipotea, flaiwili inaendelea kwa nguvu iliyobeba na kusukuma jenereta ndogo. Hakuna betri ya kufa. Kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, hesabu ilinipa kama wati-saa 5 na nusu. Kidogo, najua, lakini taa ya wati 5 ingewaka saa nzima, na Mum angerudi kwa cherehani yake ya zamani ya kukanyaga.

Hiyo ni karatasi. Siku ya kupima, nilitoa mkanda wa mota, sikuunganisha taa wala jenereta, nikashika saa. Baada ya dakika 4 tulikuwa kwa mizunguko 1,500. Nikafurahi, nusu bado iko! Mhadhiri akanikumbusha kitu cha form four: nishati hufuata kasi mara kasi. Kasi ikibaki nusu, nishati imebaki robo. Robo tatu imeenda, bila kuwasha chochote. Tukagawa kwa muda: wastani wa wati 60 hivi.

"Hii ni stoo ya stima ama ni feni?"

Feni, kusema ukweli. Ukisogeza mkono unasikia upepo, na beringi zilikuwa zimepata moto. Hewa ndiyo jeuri zaidi. Ukizidisha kasi mara mbili unapata nishati mara nne, lakini hewa inakula karibu mara nane ya ilivyokuwa ikikula. Ndiyo maana flaiwili za maana hufungiwa ndani ya chombo kilichonyonywa hewa, nyingine zikaelea kwa sumaku. Hata hapo hakuna cha bure. Pampu inataka stima, sumaku za kuongozwa zinataka stima, na joto linalozaliwa ndani halina hewa ya kulitoa.

Kinshasa, enzi ikiitwa Léopoldville, walikuwa na mabasi 12 ya aina hii, Gyrobus kutoka Uswisi. Yalianza 1955. Kila basi lilibeba gurudumu la tani moja na nusu, mizunguko 3,000 kama yangu, ndani ya hidrojeni ya presha ndogo kwa sababu ni nyepesi kuliko hewa. Kufikia 1959 yalikuwa yameachwa. Beringi zilivunjika, barabara mbovu ziliyachakaza, na stima yaliyokula ilikuwa nyingi mno. Nilisoma hayo nikafarijika kidogo, sitadanganya.

"Iko chuo, Mum. Hata ingekuwa hapa, ingekuwa imeshasimama."

Hakujibu. Alivuta ile cherehani ya zamani, mimi nikamshikia tochi ya simu. Kila akipumzisha miguu, gurudumu linazunguka mara mbili, tatu, linasimama. Anakanyaga tena. Simu ilikuwa na asilimia 31.