Advansi Kala Fundi, Kitanda Kaunda Mwenyewe

Jamaa mmoja wa Mlandizi alimpa fundi advansi ya kitanda, simu ikawa haipatikani. Mkewe ana mimba ya miezi minane, wanalala chini. Akaazima drili na jigi, kile kidude kinachoongoza tundu la mshazari, nyuzi 15, skrubu ipite ubao mmoja iung'ate wa pili. Kuchonga ulimi hakuna.

Paini ilikubali. Mguu wa mninga ukapasuka: skrubu zilikuwa za meno mapana, na mninga mgumu unataka meno yaliyosongamana. Akabadilisha, akatia gundi, akabana.

"Mume wangu, kitatubeba kweli?"

Akapanda, akaruka mara tatu. Kimya. Usiku ule mama kijacho alilala juu.

Wiki iliyofuata fundi huyo hewani, eti mbao zimepanda bei.