Ile video ya maembe nimeifuta

Wale mliniona Januari nikisema okota maembe yaliyoanguka, funga kwa nailoni nyeusi, anika juani mpaka funza wafe: hiyo video nimeifuta. Sikuwa nimedanganya. Kwa jua la Siakago funza wanaiva humo ndani. Shida ni kwamba hawaivi peke yao.

Nzi huyu wa matunda aligunduliwa Kenya 2003, akitokea Asia. Mwaka 2006 icipe, wale watafiti wa wadudu pale Kasarani, wakaleta nyigu mdogo kutoka Hawaii, Fopius arisanus. Haumi mtu. Anatafuta yai la nzi ndani ya embe na kutaga lake humo humo. Funza anakua kama kawaida, anaingia udongoni, lakini siku ya kutoka anatoka nyigu. Nikisoma hiyo nilisema wueh, hii ni filamu!

Aliyenishtua ni jirani ya shosho, mzee aliyestaafu kutoka kilimo. "Kijana wangu, umepika hata wale wa kutusaidia." Niliudhika. Niliacha chuo mwaka wa pili, na mtu akinikosoa huwa nasikia ananikumbusha. Lakini shosho ana miti kumi na minne, na broka alikuwa amemwachia nusu ya maembe kwa sababu ya funza. Nikameza mate, nikauliza nifanye nini.

Ni kahema ka wavu. Unatupa maembe mabovu ndani. Nzi akitoka hapiti matundu, nyigu ni mwembamba, anapita anarudi shambani.

Sasa mimi, mjuaji, nikakaweka juani. Siku kadhaa baadaye nikapata wadudu wamekauka, nyigu kwa nzi. Mdudu hana joto lake, anategemea la hewa, na likizidi anakufa. Nikahamisha chini ya mwembe. Wiki mbili hivi, shosho akaniita nione vidudu vinapenya wavu. Hakusema kitu, alicheka tu.

Mjomba wangu yuko Meru, upande wa mlima, naye alijenga kake. Juzi alipiga: "Mbona zangu hazitoki?" Nikamwambia baridi inachelewesha, angojee, na asikasogeze juani. Akasema alikuwa ameshakasogeza.

Video mpya naipiga Jumamosi, mzee akishika wavu. Amekataa kuonyesha uso.