Kusawazisha

Katika mpira wa miguu, timu inayosawazisha huongeza bao. Sijapata kusikia timu iliyosawazisha kwa kumnyang'anya mpinzani mabao aliyokwisha kuyafunga. Maana hiyo ya uwanjani ndiyo niliyokuwa nayo kichwani mwaka 2011, nilipochomeka kicheza muziki changu cha mfukoni kwenye kompyuta mpya, na programu ikaniuliza kwa Kiingereza iwapo nilitaka kufuta yaliyomo na kusawazisha. Neno la kufuta nililiona. Nililipita kama msomaji mvivu apitavyo silabi iliyozidi mizani, kwa kuwa lile la pili lilinitia imani: nyimbo ziko huku, kule hakuna kitu, basi zitahamia kule na pande mbili zitakuwa sawa.

Zikawa sawa kweli. Pande zote mbili hazikuwa na kitu.

Kilichofutika ni kaseti 37 za taarabu kutoka nyumbani kwa mama yangu mdogo, Tanga. Nyingine zilirekodiwa redioni, nyingine arusini, kwa kinasa sauti kilichowekwa juu ya kiti karibu na waimbaji. Mwaka 2008 nilizihamishia kwenye kompyuta moja baada ya nyingine. Kazi hiyo haina njia ya mkato: kaseti ya dakika 60 hutaka dakika 60, na ya 90 hutaka 90. Sikujali, maana nilikuwa na daftari mkononi, nikinakili beti na kuhesabu mizani. Wengi wetu tuliujua urari wa vina kwa masikio kabla hatujafundishwa jina lake darasani, na walimu wetu walikuwa waimbaji hao.

Kisha diski ya kompyuta ile ikafa. Sikuhuzunika sana. Nyimbo zote zilikuwamo mfukoni mwangu, ndani ya kile ambacho mama mdogo alikiita santuri isiyo na sahani.

Kosa langu lilikuwa la lugha kabla ya kuwa la mitambo. Kunakili ni kufanya kitu kiwe viwili. Kuhifadhi ni kukiweka mahali pasipofikiwa na madhara. Kusawazisha, au kulandanisha kama wanavyopenda wengine, si hilo wala si lile. Ni kukifanya kimoja kifanane na kingine, na swali ambalo kitenzi chenyewe hakilijibu ni hili: nani amfuate nani? Katika vichezaji vya aina ile kompyuta ndiyo imamu, na kichezaji ni maamuma. Imamu akiwa na nyimbo, maamuma atakuwa nazo. Imamu akiwa mtupu, maamuma hutupa alichokuja nacho. Mimi ningependelea kitenzi "fuatisha", ambacho angalau kinamfanya mtu aulize ni nani anayefuatwa. Lakini sina tamaa kwamba wafasiri wa programu watanisikiliza.

Mitambo nayo ina huruma yake ndogo. Kinachoitwa kufuta mara nyingi ni kuondoa orodha tu. Sauti yenyewe hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Laiti ningekizima kichezaji saa ileile! Badala yake nilikitia nyimbo mpya kadhaa ili nione kama bado kinafanya kazi. Fundi aliyenisaidia baadaye alizipata karibu theluthi mbili, lakini majina yake yalikuwa herufi nne nne zisizo na maana, kwa sababu kichezaji hubadilisha majina ya faili kwa matumizi yake, nami sikuwa nimeandika jina la wimbo wala la mwimbaji ndani ya faili zenyewe. Ikanibidi niusikilize kila mmoja na kuutambua kwa kina chake au kwa sauti ya mwimbaji. Kazi hiyo, nakiri, ilikuwa na raha yake.

Siku hizi mpangilio wa kusawazisha wenyewe kwa wenyewe nimeuzima, na nyimbo nazitia kwa mkono, moja moja. Mkusanyiko mzima uko katika diski mbili za nje, na moja kati yake haikai nyumba moja na kompyuta. Kichezaji sikihesabu kabisa kuwa nakala.

Lakini wimbo mmoja haukuwamo katika theluthi mbili zile. Ulikuwa wa arusi ya mwaka 1987, mama mdogo akiimba maneno aliyoyatunga mwenyewe, beti tano, kumwaga dada yake mdogo aliyekuwa akiolewa mbali. Nikaifuata kaseti. Aliyeilinda awali aliilinda vema: mgongoni mwake, vile vijiplastiki viwili vilikuwa vimevunjwa ili kinasa kisiweze kurekodi juu yake. Wazee walilijua somo hili kabla ya kompyuta zetu. Ila nilipomaliza kazi ya 2008 niliwaambia watoto wa nyumba ile kwamba kaseti zimekwisha kazi, wazichukue. Mmoja wao alijaza karatasi kwenye tundu, akarekodi mpira.

Niliisikiliza yote, nusu saa ya mtangazaji na makelele ya uwanjani. Mwishoni mpira ukakatika ghafla, kabla utepe haujaisha, na chini yake akatokea mama mdogo, katikati ya vigelegele, akiwa ameshafika ubeti wa tano.

Nilimpelekea. Alisikiliza ameinamisha kichwa, akauliza yule anayepiga vigelegele kwa nguvu ni nani, akajijibu mwenyewe. Nikamwomba anitajie beti nne za kwanza.

"Mwanangu," alisema, "yale yalikuwa maneno ya siku ile. Sikuyaweka."

Nilijaribu kumsaidia. Kina cha kati ninakijua, cha mwisho pia, na nilimsomea ubeti wa tano mara tatu taratibu, nikidhani kina kitavuta kina. Alijaribu mstari mmoja, akasita, akasema huo si wake, ni wa wimbo mwingine wa redioni. Akaniuliza kama nimekula.

Ubeti ule nimeuandika chini kabisa ya ukurasa. Nafasi iliyo juu yake sijaijaza.