Laki Moja Iliyobaki Mbale

Pesa ilikuwa shilingi 1,180,000, na katika hizo zangu zilikuwa 50,000 tu. Nilizitia ndani ya soksi, juu yake nikavaa soksi nyingine, na kutoka Nakivale mpaka Jinja sikusinzia hata mara moja. Mtaniuliza kwa nini sikuziweka kwenye simu. Laini ninayotumia imeandikishwa kwa jina la mtu mwingine. Wenzangu wa kambini hamhitaji maelezo zaidi.

Naandika kwa sababu tangu nirudi naulizwa swali lile lile: kwa nini ulileta gitaa hili na si lile zuri? Halafu kuna swali la pili, ambalo watu huliuliza kwa sauti ndogo: laki moja ilienda wapi? Kwenye kikao nilijibu harakaharaka kwa aibu. Hapa nitajibu polepole.

Tuko vijana 23 kwenye daftari la kikundi. Mimi ndiye ninayewaongoza, ingawa wengine wananizidi umri. Tulichanga miezi saba. Kuna waliofyatua matofali, kuna waliouza mandazi, kuna mmoja ambaye mama yake aliuza debe la mahindi ili jina la mwanawe lisibaki tupu. Najua wafanyakazi wa mashirika wanaosoma hapa watashangaa: gitaa la umeme, wakati chakula chenyewe kimepunguzwa? Nami sina jibu la kitaalamu. Nawaambia tu kwamba hao vijana walichanga bila kulazimishwa na mtu, na hakuna semina iliyowahi kupata mahudhurio kama mazoezi yetu ya Jumamosi.

Mwalimu wetu ni mzee aliyepiga solo kwenye orkestra kule Uvira kabla ya vita. Alianza kutufundisha kwa gitaa kavu lenye nyuzi nne, mbili kati yake zikiwa waya wa breki ya baiskeli. Msicheke. Franco Luambo mwenyewe, kama inavyosimuliwa, alianza utotoni na gitaa la bati alilolitengeneza akatia nyaya za umeme zilizochunwa. Na gitaa kavu lina heshima yake: Mwenda Jean Bosco alirekodiwa na Hugh Tracey kule Jadotville mwaka 1952 akipiga "Masanga", gitaa moja tu na sauti yake, na mpaka leo wapiga gitaa wanavunjika vidole wakimfuata. Lakini sebene ni kitu kingine. Solo ya sebene inakaa juu kabisa ya shingo, vidole vinapita vyepesi, na kila noti lazima isikike juu ya ngoma na bezi. Kwa gitaa kavu la nyuzi nne unaweza kuieleza. Huwezi kuipiga.

Basi kikao kiliamua: Yamaha, aina ya Pacifica. Mzee aliwahi kulishika, na mafundi wanalijua. Yamaha walianza kutoa Pacifica mwaka 1990, na ziko za bei nyingi, lakini zilizo karibu na mfuko wetu ni mbili. Ya chini inaitwa 012. Ya kati inaitwa 112V. Ukiziweka pamoja ukutani zinafanana kama ndugu: freti 22 kila moja, urefu wa nyuzi ule ule, sumaku tatu za kukamata sauti, ile nene karibu na daraja na mbili nyembamba karibu na shingo. Mtu asiyejua atasema muuzaji anamwibia.

Kwa nini nilikwenda kuzitafuta mashariki, mbali hivyo? Kwa sababu shangazi yangu anakaa Jinja, Walukuba, na mwanawe anapiga bezi kwenye hoteli za Mbale. Mpya dukani hatukuziweza. Binamu alisema wanamuziki wa huko wanauza vyao, na yeye atanipeleka nyumbani kwa mtu nikajaribu kwa mikono yangu. Ilikuwa Agosti 2024.

Jinja nilionyeshwa 012 nyeusi. Mwenyewe alikuwa anapiga kanisani, na sasa alitaka ada ya watoto. Alitaka 520,000. Nilichomeka, nikakaza uzi wa kwanza, na umeme ukakatika. Jinja! Bwawa la Owen Falls, ambalo leo tunaliita Nalubaale, lilifunguliwa pale mwaka 1954, na ukipita darajani mto unaonekana unavyotoka kwenye ziwa kwa nguvu zote. Kumbe kuishi karibu na bwawa si kuwa na taa. Tulicheka wote, halafu nikalipiga bila umeme kwa muda wa saa nzima, na nadhani hiyo ilinisaidia. Bila spika gitaa halina pa kujificha. Shingo ilikuwa imenyooka. Freti hazikuwa zimelika. Niliigusa nyuzi kwenye freti ya 12 bila kuibana, nikasikia ile sauti ya kengele, halafu nikaibana pale pale: noti zilikubaliana, isipokuwa uzi wa tatu, nao unarekebishwa kwa bisibisi. Ubaya ulikuwa kwenye funguo za kukazia. Zilikuwa laini mno, na baada ya nyimbo mbili uzi wa tatu ulishuka wenyewe kama mtu anayeondoka kwenye mkutano bila kuaga.

Umeme uliporudi nilisikia sauti yake ya kweli. Si mbaya. Ina ukali fulani, kama mtu anayeongea kupitia puani, na inavuma ukiongeza sauti. Nikamwambia mwenyewe nitarudi, na kesho yake nikapanda taksi ya Mbale kwa njia ya Tirinyi, ile inayopita kwenye mashamba ya mpunga.

Sasa hapa ndipo nilipopotea.

Ile 112V ilikuwa ya buluu. Mwenye nayo anapiga hotelini na binamu yangu. Mlima Wanale ulikuwa unaonekana mlangoni kwake, na barabarani kadodi ilikuwa inapita, maana mwaka 2024 ulikuwa mwaka wa imbalu, vijana wa Kigisu wanatahiriwa, na mji mzima ulikuwa unatembea kwa mdundo. Nilipiga juu ya zile ngoma. Jamani. Wanaosema gitaa ni gitaa tu, tofauti ni jina, hawajapiga hili baada ya lile siku moja. Mwili wa 112V ni mti wa alder, wa 012 kwa kawaida ni agathis, lakini mti hausikiki kwa mgeni kama sumaku zinavyosikika. Sumaku za 112V ni za alniko, sauti yake ni ya mviringo, haikwaruzi. Halafu lina siri kwenye kitufe cha toni: ukikivuta juu, ile sumaku nene inakuwa nyembamba, sauti inasafishwa, inakuwa ile ya solo ya Kikongomani ambayo tangu utoto naisikia kwenye redio za majirani. Nilikivuta, nikapiga mstari mmoja wa Mzee, na mwenye gitaa akaacha kula.

"Dada, unamnunulia kaka?" aliuliza kabla sijaanza. Baada ya hapo hakuuliza tena.

Alitaka 1,100,000, hashuki. Akasema kuna mtu wa Soroti anakuja jioni, kwa hiyo kama nina nia niweke kitu, nisipochukua mpaka kesho saa sita kile kitu ni chake. Sikumpigia mtu yeyote simu. Sikufungua daftari. Nilikwenda uani, nikavua soksi, nikahesabu laki moja, nikampa.

Nimejaribu mara nyingi kuueleza moyo wangu wa dakika ile. Nilijiambia vijana wanastahili kitu kizuri, kwamba tumechoka kupewa vya chini kila mara, godoro la chini, daftari la chini, na mara moja tu tuwe na kitu cha kati. Maneno hayo ni ya kweli na bado nayaamini. Lakini nilipoyasema nilijiona mimi na gitaa la buluu, sikumwona mwingine yeyote. Nimelipenda kwa ajili yangu, nikatumia majina 23 kulinunua.

Usiku nikiwa kwa binamu nilimpigia Mzee, nikamwelezea alniko na kile kitufe. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakuuliza bei.

"Mutoto yangu, iyo gitare itakuwa inalala wapi?"

Nikasema tutalifungia ofisini.

"Na ikianguka, nani atalia?"

Alikuwa anakumbuka kitu ambacho na mimi nilikijua. Miaka michache nyuma shirika fulani lilituletea kinanda kipya kabisa. Kilipigwa chapa, kikaandikwa kwenye kitabu cha mali, kikafungiwa kabatini, na kukitoa ilikuwa lazima usaini kwa mtu ambaye siku ya Jumamosi hayuko kazini. Vijana walikishika labda mara tano. Kilikufa kwa vumbi na panya, hakina mkwaruzo hata mmoja.

Binamu naye, ambaye hana maneno ya hekima kama Mzee, alichukua kalamu. Toa 1,100,000 kwenye 1,180,000. Inabaki 80,000. Amplifaya? Waya? Nyuzi za akiba? "Gitaa la umeme bila amplifaya ni ubao wa kukatia nyanya," alisema. Hesabu ya darasa la tatu, na mimi nina cheti cha sekondari.

Asubuhi nilirudi kwa mwenye gitaa kuomba laki yangu. Alikataa. Hakunitukana, alisema tu, "Dada, tulielewana," na ni kweli tulielewana. Alisema pia yule wa Soroti alikuwa amemwambia asije. Sijui kama huyo mtu alikuwepo. Nililitazama gitaa mara moja nikatoka.

Jinja nilipatana na yule wa kanisani kwa 470,000. Mengine ni haya, kwa faida ya wanaopenda risiti, ingawa vitu vya mkononi havina risiti: amplifaya ndogo iliyotumika, inayokubali betri, 330,000, nyuzi seti tatu, 75,000, waya, 35,000, kile kidude cha kupimia sauti, 30,000, mkanda, 20,000. Jumlisha na ile laki ya Mbale unapata 1,060,000. Zilizobaki, 120,000, nilizirudisha kwenye sanduku mbele ya mashahidi.

Nilipokuwa kwenye basi na gitaa mapajani, maana sikuthubutu kuliweka juu, nilikuwa nakumbuka habari ya Torakusu Yamaha mwenyewe, mwanzilishi. Mwaka 1887 alitengeneza kinanda cha shule kilichoharibika kule Hamamatsu, akapata hamu ya kuunda chake. Alipomaliza, yeye na mwenzake walikibeba mabegani kwa mti, kwa miguu, kuvuka milima ya Hakone mpaka Tokyo, kama kilomita 250, ili wataalamu wakikague. Wataalamu wakamwambia kimekaa vizuri, ila sauti zake hazilingani. Akabaki hukohuko kujifunza kulinganisha sauti.

Letu pia halikulingana. Wiki ya kwanza watu walininong'ona, na walikuwa na haki. Halafu Mzee akalishughulikia. Pale nyuzi zinapopita juu ya mfupa wa kichwani alipaka unga wa penseli ili zisikwame. Ule mkono wa kutikisa sauti aliutoa kabisa, na fundi seremala wa kwetu akachonga kipande cha mti tukakishindilia nyuma, kwenye springi, daraja lisicheze. Uzi wa tatu sasa unavumilia nyimbo nne, wakati mwingine tano. Kuvuma bado kunavuma. Sauti ya puani bado ipo, na mimi kila nikiisikia namkumbuka yule wa buluu, sitadanganya.

Lakini linalala nyumba hadi nyumba. Kila kijana ana wiki yake kwenye daftari. Limeanguka mara mbili, na kwenye kona ya chini rangi imebanduka, unaona mti. Aliyeliangusha mara ya kwanza ni msichana wa miaka 14, alilia kidogo, akaliokota, akapima sauti, akaendelea. Sasa ndiye anayewalinganishia wengine nyuzi. Jumamosi iliyopita alinisimamisha katikati ya wimbo: "Yaya, uko chini." Nilikuwa chini kweli.

Kuhusu laki moja: kikao kilitaka kunisamehe, nikakataa, kwa sababu mama wa yule kijana hakuuza debe la mahindi ili anisamehe. Nalipa 20,000 kila mwezi kutoka kwenye posho yangu. Nimelipa mara tatu. Daftari liko kwa mweka hazina, nyuma ya kisima cha pili, na yeyote anaweza kwenda kulisoma. Bado 40,000.