Traka ya Setilaiti: Swali la Kumuuliza Muuzaji Kabla Hujatoa Pesa

Karibu kila wiki kuna mtu hunitumia picha ya kifaa kidogo cheusi na kuniuliza, "Buda, hii ni poa? Jamaa anauza elfu tatu, anasema ni ya setilaiti." Wengi wenu mko Nairobi na Mombasa, mnapanga kuja huku kwetu kupanda Kasigau au kuzunguka Sagalla, na mmeona video zangu mkadhani mimi ni fundi wa mitambo. Mimi ni kijana tu wa Kaloleni, hapa Voi, ninayependa kutembea mahali simu hunyamaza. Lakini hili swali nimelichimba kwa miezi kadhaa kwa niaba ya kikundi chetu, kwa hivyo wacha nilijibu mara moja kwa wote.

Muulize muuzaji kitu kimoja: ujumbe unatoka kwa njia gani?

Sio "inatumia GPS?" Kila kitu siku hizi kinatumia GPS, hata simu yako. Setilaiti za GPS ziko juu kama kilomita 20,000, na kazi yao ni kutangaza, kama vile redio inavyotangaza. Kifaa chako kinasikiliza, kinapiga hesabu, kinajua kiko wapi. Setilaiti yenyewe haina habari kama wewe upo duniani. Kwa hivyo kujua uko wapi ni jambo moja, na kumwambia mtu mwingine uko wapi ni jambo lingine kabisa.

Ile traka ya elfu tatu, ambayo watu wa boda hufunga chini ya kiti, ina laini ya simu ndani. Inasikia setilaiti vizuri, lakini ikitaka kukupa habari inapitia kwa busta kama simu yoyote. Hapa Voi mjini itakufanyia kazi safi. Hata kule juu Vuria, zaidi ya mita 2,200, kuna milingoti ya mawasiliano kileleni. Lakini acha barabara ya Mombasa pale Maungu, ingia ndani kwenye ranchi za kuelekea Kasigau, na netiwaki inaanza kuja na kuondoka inavyotaka. Ikiondoka, traka yako inajua iko wapi, lakini siri hiyo inabaki nayo.

AirTag je? Hiyo haina hata laini. Inanong'ona kwa Bluetooth na kungoja kifaa cha Apple cha mtu mwingine kipite karibu kiibebee ujumbe. Ni nzuri kwa begi lililopotea stesheni ya SGR. Kwenye ranchi jirani yako wa karibu ni digidigi, na digidigi hana iPhone.

Halafu kuna wale wa "mimi niko na iPhone 14, iko na setilaiti ndani." Ni kweli, Apple walianzisha huduma hiyo mwisho wa 2022, lakini inafanya kazi kwenye nchi zilizo kwenye orodha yao tu. Ninapoandika haya, Kenya haimo. Usipange safari kwa kutegemea kitu kilichotengenezewa mtu wa Canada.

Sasa tuje kwa vitu vyenyewe. Ukitoa uongo wote sokoni, vinabaki vya aina tatu.

Ya kwanza ni bikoni ya dharura, ile watu huita PLB. Unaivunja kifuniko, unavuta antena, unabonyeza, na inapiga kelele kwenye masafa ya 406 MHz. Kelele hiyo inasikika na mfumo wa Cospas-Sarsat, ambao Marekani, Canada, Ufaransa na iliyokuwa Muungano wa Sovieti walianza kuujenga 1979. Hakuna malipo ya mwezi. Betri inakaa miaka bila kuguswa, na ukiwasha inatangaza kwa angalau saa 24. Shida yake ni kwamba ina neno moja tu, "Nisaidieni." Haiwezi kusema ni mguu umevunjika au ni nyoka, na haiwezi kumwambia mama yako kwamba umechelewa tu.

Ya pili ni traka za kutuma bila kupokea, kama SPOT Gen4. Zinatumia mtandao wa Globalstar. Setilaiti za Globalstar hufanya kazi kama kioo: zinapokea ujumbe wako na kuurudisha chini kwa kituo cha ardhini. Pale ulipo pasipokuwa na kituo ambacho setilaiti inakiona kwa wakati huo, ujumbe hauna pa kuangukia. Kabla ya kununua ya aina hii, fungua ramani ya kampuni, tafuta Afrika Mashariki, na uangalie rangi iliyopakwa Taita Taveta kabla hujaangalia bei.

Ya tatu ni zile za kutuma na kupokea kupitia Iridium, kama Garmin inReach Mini 2 au Zoleo. Iridium ina setilaiti 66 zinazozunguka kama kilomita 780 juu, na zenyewe kwa zenyewe zinapasiana ujumbe huko angani mpaka ufike. Haijalishi uko Kasigau, katikati ya bahari au kwenye ncha ya dunia, mradi kifaa kinaona anga wazi. Ndani ya msitu mnene kama Ngangao, au chini kwenye korongo, utangoja kidogo au usogee uwanjani. Kwa mbuga ya Tsavo, ambako anga ni kubwa kuliko ardhi, hakuna shida.

Mimi naunga mkono hii ya tatu, na sababu yangu ina jina la ukoo.

Mjomba wangu huchunga ng'ombe kwenye ranchi moja upande huo wa Maungu. Wakati wa kiangazi alifuata ndama aliyepotea, akaanguka kwenye kingo za mto mkavu, mguu ukavunjika. Simu yake, mulika mwizi, ilikuwa na chaji karibu nusu. Netiwaki ndiyo haikuwepo. Alikaa pale usiku mbili, akiwasha tochi ya simu kila aliposikia ndovu wakivunja miti karibu. Nyumbani sisi tulijua amechelewa, lakini hatukujua upande gani. Wachungaji wenzake walimpata kwa kufuata nyayo za ng'ombe waliorudi wenyewe. Leo anatembea na mkongojo na anacheka akisimulia. Shangazi hacheki.

Kitu kilichoniuma baadaye nilikigundua nikisoma. Mwaka 2016 KWS na Save the Elephants waliwafunga ndovu 10 wa Tsavo kola za setilaiti, ili wajue wanavyovuka au wanavyokwama kwenye reli mpya ya SGR. Kazi nzuri, siipingi hata kidogo. Lakini fikiria: usiku ule mjomba amelala mtoni, inawezekana kabisa kwamba kuna ndovu wa kaunti yetu aliyejulikana alipo kuliko yeye. Teknolojia hii sio geni Taita Taveta. Imepita juu ya vichwa vyetu miaka mingi. Sisi tu ndio hatujawahi kuwa kwenye orodha.

Kwa hivyo tuongee pesa, kwa sababu ndio mahali neno "nafuu" linadanganya watu.

Garmin inReach Mini 2 ilipotoka 2022 bei yake Marekani ilikuwa karibu dola 400. Hiyo ni zaidi ya shilingi 50,000 kabla ya usafiri na ushuru. Halafu kuna malipo ya mwezi. Mpango wa kawaida ni kama dola 15, karibu shilingi 2,000. Piga hesabu ya miaka miwili: 48,000. Yaani kifaa unakinunua mara mbili, mara moja dukani na mara ya pili polepole. Bikoni ya dharura haina hiyo malipo ya pili. Ukiwa mtu wa safari moja kwa mwaka, na unachotaka ni kelele ya mwisho tu, bikoni ndiyo nafuu kweli, hata kama bei ya dukani haitofautiani sana.

Ukinunua iliyotumika, kuwa macho. Traka ya Iridium iliyo kwenye akaunti ya mtu mwingine haitakubali akaunti yako mpaka yeye aitoe. Lipa baada ya kuiwasha kwa jina lako, sio kabla. Bikoni iliyotoka nje huwa imepangiwa nambari ya nchi ilikotoka na inapaswa kusajiliwa huko, halafu angalia tarehe ya betri iliyoandikwa nyuma. Na kama unaagiza mpya, uliza Mamlaka ya Mawasiliano kuhusu idhini na KRA kuhusu ushuru kabla ya mzigo kufika. Mzigo ukishakwama, huna tena kitu cha nafuu.

Kuna swali lingine watu hawaulizi kabisa: ukibonyeza SOS, nani anakuja? Ukibonyeza ya Garmin, ujumbe unafika kituo chao kilichoko Texas. Mtu wa Texas hajui njia ya Rukinga. Yeye atapiga simu Kenya, na atampigia pia yule uliyemwandika kama mtu wako wa dharura. Ukiandika rafiki yako wa Nairobi ambaye huzima simu saa nne usiku, umejichimbia. Andika mtu aliye karibu, anayepokea simu, mwenye namba za kituo cha KWS cha karibu, za chifu wa eneo, na ya Msalaba Mwekundu, 1199. Mpe na karatasi: tunaanzia hapa, tunatokea pale, tukipitisha saa fulani anza kuuliza. Hiyo karatasi ni bure. Na ramani za kupakua mapema kwenye simu, za kutumia bila bando, pia ni bure. Mtu asiye na hivyo viwili hana haja ya kuanza kutafuta traka.

Kikundi chetu tuko 15. Hakuna hata mmoja anayeweza kutoa elfu hamsini peke yake bila kwenda kulala njaa. Kwa hivyo tunachanga 300 kila mmoja kwa wiki, ambayo ni 4,500, na wiki ya 12 tutakuwa na 54,000. Tuko wiki ya tisa. Malipo ya mwezi tukigawana ni kama shilingi 130 kwa kichwa, pesa ya soda mbili. Hiyo ndiyo maana yangu ya nafuu: kitu cha bei ghali chenye wenyewe wengi.

Lakini kuna mjadala haujaisha kwetu, na nataka nyinyi pia muuingilie. Mimi nimependekeza kwamba wiki ambazo hatuna safari, traka isikae kwenye droo Kaloleni. Iende kwa wachungaji wa upande wa Maungu, wapokezane, hasa kiangazi. Wenzangu wawili wanasema itapotea, itavunjika, na kwamba tuliichangia sisi. Wana haki ya kuuliza, pesa ni yao pia. Jibu langu ni kwamba sisi tunaenda porini Jumamosi kwa raha na tunarudi Jumapili kupakia picha. Kuna watu wanaoingia huko kila siku kwa sababu ndiyo kazi iliyopo, na wao ndio watakaotutafuta sisi tukipotea.

Kura ni wiki ya 12. Shangazi ameshasema atahudhuria, ingawa si mwanachama.